Bendera iliyochorwa kinyume: mwongozo wa kuona rangi zisizokuwepo kwenye karatasi

Chora bendera ya Kongo kwa rangi zisizo zake. Pale penye samawati paka chungwa, penye utepe mwekundu paka kijani-bluu, na penye manjano, kwenye kingo na kwenye nyota, paka bluu. Ikazie macho kwa sekunde 40, kisha hamishia macho kwenye karatasi nyeupe tupu. Bendera yenyewe itajitokeza pale, samawati na nyekundu na manjano, ielee sekunde kumi hivi, halafu ififie. Picha hiyo inayobaki machoni baada ya kitu kuondoka tutaiita taswira baki.

Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa mwalimu wa Lubumbashi mwenye darasa lililojaa na maboksi mawili ya markeri. Fundi wa kushona na mpaka rangi wa nyumba wana sehemu yao huko chini, na wakitaka waende moja kwa moja, ingawa watakosa sababu.

Vitu na mahali

Karatasi mbili nyeupe za kopi, zisizong'aa. Markeri za chungwa, bluu na kijani-bluu, ile inayoitwa turkwazi kwenye maboksi. Rula, penseli, na saa ya simu. Turkwazi ndiyo inayokosekana mara nyingi. Ukiikosa, paka bluu nyepesi ya mbinguni, iache ikauke kabisa, kisha pitisha kijani chepesi juu yake. Usizipake zikiwa mbichi zote mbili, karatasi itavimba na kuchanika. Penseli za rangi zinafaa kwa shida: lazima uzikandamize mpaka weupe wa karatasi usichungulie kati ya mistari, maana kila kitone cheupe kinachobaki kinapunguza nguvu ya rangi.

Kaa kando ya dirisha kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, lakini miale ya jua isiguse karatasi. Mwanga wa taa ya manjano haufai. Mshumaa haufai kabisa.

Kuchora

1. Chora mstatili wa sentimita 12 kwa 9. Bendera ya sasa, iliyoanza kutumika mwaka 2006, ina uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo vipimo hivi vinakaa sawa.

2. Chora utepe wa mshazari kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia, upana milimita 15. Kila upande wa utepe ongeza ukingo wa milimita 4.

3. Pembe ya juu kushoto weka nyota ya ncha tano, upana sentimita 2 na nusu.

4. Paka: uwanja chungwa, utepe turkwazi, kingo na nyota bluu. Anza na chungwa na umalize na bluu, kwa sababu bluu ndiyo inayochafua nyingine ikiguswa na ncha ya markeri.

5. Katikati kabisa ya mstatili, juu ya utepe, weka nukta nyeusi ya milimita 2. Isizidi hapo. Nukta kubwa ni kiwanja, jicho litatembea ndani yake.

6. Kwenye karatasi ya pili weka nukta kama hiyo peke yake.

Kutazama

Shika kadi, yaani karatasi yenye bendera, sentimita 40 kutoka usoni. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha mtu mzima ni kama sentimita 45, basi pungufu kidogo ya hapo. Kazia nukta. Kupepesa kunaruhusiwa, kuhama hakuruhusiwi.

Baada ya sekunde kumi na tano hivi chungwa litaanza kupauka kama limemwagiwa vumbi la barabara ya machimbo. Kisha utaona uzi mwembamba wa mwanga ukimeremeta kwenye mipaka, mara upande huu, mara ule. Usiutazame. Uzi huo ni dalili njema: jicho halitulii hata ukilishurutisha, linatetemeka kidogo kidogo, na kila likitetemeka sehemu iliyozoea chungwa inaangukia kwenye rangi ya jirani.

Sekunde ya 40 ikifika, weka karatasi tupu mahali pale pale, umbali ule ule, na ukazie nukta yake. Subiri. Taswira haiji papo hapo, inachukua sekunde moja au mbili kukusanyika. Ikianza kufifia, pepesa macho haraka mara tatu nne, itarudi. Jicho linajali mabadiliko, na kitu kinachokaa bila kubadilika linakifuta. Kupepesa kunaleta badiliko.

Mahali panapoharibika

Karibu kila anayesema "mimi sikuona kitu" amehamisha macho. Mtoto anaangalia nyota kwa sababu nyota ni nzuri, kisha anarudi kwenye nukta akidhani hakuna aliyemwona. Matokeo yake ni bendera mbili zilizopandiana, au wingu lisilo na mipaka. Mpe kiti, aegemeze viwiko juu ya meza, kadi iegemee rundo la vitabu badala ya kushikwa mkononi. Hilo peke yake linaokoa nusu ya darasa.

Kosa la pili ni rangi zenyewe. Chungwa lililokolea hadi kukaribia kahawia linaacha taswira nyeupe-nyeupe, kwa sababu taswira baki inageuza mwanga pia, si rangi tu: penye giza panakuwa pang'avu, penye mng'ao panafifia. Ndiyo maana nyota inachorwa kwa bluu nzito, itoke manjano inayowaka, na utepe kwa turkwazi angavu, utoke mwekundu wenye uzito. Ukigeuza mambo hayo, ukapaka nyota bluu hafifu na utepe wa kijani kizito, utapata manjano mfu na waridi.

Kosa la tatu ni mwanga mdogo. Darasa lenye dirisha moja upande wa nyuma, siku ya mvua ya Januari, halina mwanga wa kutosha kuziamsha seli za rangi ipasavyo. Toka uende barazani.

Kuna kosa jingine ambalo ni la mwalimu mwenyewe: kuwaambia watoto mapema watakachoona. Aliyeambiwa "utaona bendera yetu" ataiona hata akiwa amefumba macho. Usimwambie mtu kitu. Kila mmoja aandike kwenye kaye (daftari) yake rangi ya uwanja, ya utepe na ya nyota kabla hajafungua mdomo. Kadi yenyewe watatambua ni bendera, hilo halizuiliki, lakini wengi watasema mwalimu amekosea rangi, na hapo ndipo somo linapopata ladha.

Mwenye simu tu

Ichore bendera kwenye programu yoyote ya kuchorea, na uweke namba hizi za nyekundu, kijani na bluu kwa mfuatano: uwanja 255, 128, 0, utepe 50, 240, 220, kingo na nyota 10, 40, 230. Simu nyingi pia zina kitufe cha kugeuza rangi ndani ya mipangilio ya ufikivu. Piga picha ya bendera halisi, ifungue, washa kitufe hicho, kazi imekwisha. Zima kwanza ile hali ya usiku inayofanya kioo kiwe cha njano, na mng'ao uwe katikati. Kwa kuwa picha ni ndogo, sogeza simu hadi sentimita 25.

Nini kinatokea

Ndani ya jicho, nyuma, kuna utando unaoitwa retina. Umejaa seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Fito ni nyingi mno, zaidi ya milioni 90 kwa kila jicho. Hizo ni za giza na hazitofautishi rangi. Koni ni kati ya milioni 4 na 6, na ndizo za mchana na za rangi. Koni zimerundikana zaidi katikati, kwenye kishimo kidogo ambacho ndicho unachokielekeza kwenye neno unalosoma sasa hivi.

Koni ni za aina tatu. Moja huitikia zaidi mwanga wa mawimbi mafupi, karibu na nanometa 420, nyingine ya kati karibu na 530, na ya tatu ndefu karibu na 560. Tazama namba mbili za mwisho zilivyokaribiana. Watu hupenda kusema koni nyekundu, koni ya kijani, koni ya bluu, kama vile kila moja ina dirisha lake; ukweli ni kwamba ya kati na ndefu zinaona karibu vitu vile vile, na ile inayoitwa nyekundu kilele chake kiko kwenye manjano-kijani. Koni moja haijui rangi. Inachojua ni kuhesabu mwanga ulioigusa. Rangi inapatikana pale seli za nyuma yake zinapolinganisha hesabu za koni tofauti: ndefu dhidi ya kati, kisha fupi dhidi ya hizo mbili zikijumlishwa.

Wazo la vipokezi vitatu lilitolewa na Mwingereza Thomas Young mwaka 1802, kabla mtu yeyote hajaziona koni zikifanya kazi. Baadaye Mjerumani Ewald Hering alishikilia kwamba rangi zinakwenda kwa jozi zinazopingana, nyekundu na kijani, manjano na bluu, kwani hakuna aliyewahi kuona bluu yenye umanjano. Watu walibishana miaka mingi nani ana haki. Wote wawili: Young kwenye koni, Hering kwenye seli zinazofuata.

Sasa rudi kwenye utepe. Turkwazi inapiga koni fupi na za kati kwa nguvu, ndefu inazipiga kwa unyonge zaidi. Baada ya sekunde 40 zile zilizopigwa zimepunguza mwitikio wao, na seli zinazolinganisha nazo zimeegemea upande mmoja. Watu husema koni "zimechoka". Neno linaeleweka, ila jicho halijachoka kama mbeba mizigo. Limejipima upya, kama mizani ya muuza unga iliyorudishwa sifuri huku sahani ikiwa bado juu. Ondoa sahani, na mizani itasoma chini ya sifuri. Ukiangalia karatasi nyeupe, koni zote tatu zinapata mwanga sawa, lakini fupi na za kati zinajibu kwa unyonge. Ndefu inashinda. Unaona nyekundu.

Hapo ndipo vitabu vingi vya shule vinapopotosha. Vinasema kinyume cha nyekundu ni kijani. Jaribu: mraba mwekundu hauachi kijani cha majani ya sombe, unaacha kijani-bluu. Na kijani kinaacha zambarau-pinki. Mwambie mtoto aandike alichoona, si kilichoandikwa kitabuni.

Njia rahisi ya kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya jambo hili iko ndani ya jicho lenyewe: ziba jicho la kushoto kwa kiganja, kazia kadi kwa jicho la kulia peke yake, kisha geuza, ziba la kulia na utazame karatasi tupu kwa la kushoto. Bendera haipo, au ni kivuli hafifu tu. Rudi kwenye la kulia, ipo.

Washabiki wa mpira wa mji huu wana jaribio lao. Jezi ya Lupopo, manjano na bluu, inaacha taswira ya bluu na manjano, rangi zimebadilishana nafasi tu. Ya Mazembe, nyeusi na nyeupe, inageuka nyeupe na nyeusi. Hakuna timu inayopata faida.

Kuipeleka ukutani

Hili ni la hesabu, na lifanywe na wanafunzi wakubwa. Kata mraba wa turkwazi wa sentimita 4, uweke nukta katikati, uubandike kwenye karatasi nyeupe. Kazia kwa sekunde 40 kutoka sentimita 40. Kisha, badala ya karatasi, tazama shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani mita 2 mbele yako. Ukuta wa matofali yasiyopakwa rangi haufai, mistari ya udongo inaikata taswira.

Mraba utakuwa mkubwa ghafla. Mwenzako asogeze kalamu za makaa mbili kwenye shuka mpaka useme zimegusa kingo. Pima: inatakiwa iwe karibu sentimita 20. Ukuta ukiwa mita 4, karibu 40. Kanuni ni umbali wa ukuta ugawanye kwa umbali wa kadi, kisha zidisha kwa upana wa kadi. Iliandikwa na Mswisi Emil Emmert mwaka 1881. Alama kwenye retina haikubadilika hata kidogo. Ubongo ndio unaosema, kitu kilicho mbali kikijaza nafasi hii yote, basi ni kikubwa. Ukikosea kwa sentimita mbili tatu usisumbuke, taswira inayeyuka huku mnapima. Ukikosea kwa kumi, mmoja wenu amehamisha macho kufuata kalamu.

Tone la maji juu ya simu

Fungua ukurasa mweupe kwenye simu, ongeza mng'ao. Chovya kidole, dondosha tone dogo la milimita 2 au 3 juu ya kioo. Sogeza jicho. Ndani ya tone utaona vitone vyekundu, vya kijani na vya bluu vimepangwa kama shanga, na hakuna cheupe hata kimoja. Fungua ukurasa wa manjano: vya bluu vimezimika, vimebaki vyekundu na vya kijani. Manjano unayoiona kwenye simu haimo kwenye simu. Futa tone kabla halijatiririka hadi kwenye tundu la chaja.

Saa kumi na mbili jioni

Chukua vitambaa viwili, chekundu na cha bluu, ambavyo saa sita mchana unaviona vina mng'ao sawa. Kama chekundu kimezidi kidogo ni vizuri zaidi. Vitundike kwenye kamba nje, mbali na taa. Jua la Lubumbashi likizama, giza linaingia upesi, una nusu saa hivi tu, basi kaa pale mapema na usiangalie simu.

Kila dakika tano andika kipi king'avu. Chekundu kitakufa kwanza. Kitakuwa cha hudhurungi, kisha cheusi kama mkaa, huku cha bluu bado kinang'aa kijivu-kijivu. Fito zimechukua zamu. Zenyewe huitikia zaidi karibu na nanometa 500, na mwanga mwekundu wa mawimbi marefu karibu haziuoni. Mcheki Jan Purkinje ndiye aliyelieleza karne ya 19, alipotazama maua alfajiri. Kwa matumizi ya hapa: koti jekundu kwenye baiskeli jioni si kinga. Vaa nyeupe au manjano hafifu.

Kuran, yaani umeme, ikikatika usiku, usikimbilie kuwasha tochi ya simu kama huhitaji. Koni zinajirekebisha kwa dakika 5 hadi 10, fito zinahitaji 20 hadi 30, na tochi moja usoni inakurudisha mwanzo.

Kwa fundi wa kushona na muuza maputa (vitenge)

Mteja anasimama mbele ya meza kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, amekwisha kufunuliwa maputa matano mekundu. La sita ni la kahawia isiyo na kosa lolote, lakini analiona limefubaa, lina ukijani wa ugonjwa. "Mama, hili limepauka." Halijapauka. Macho yake yamejipima upya kwa nyekundu. Muuzaji mwenye akili anaweka kitambaa kikubwa cha kijivu katikati ya meza, anapanga bidhaa pembeni, na anapobadilisha kundi la rangi anaacha mteja azungumze kidogo akiangalia kijivu. Dakika moja inatosha.

Kulinganisha uzi na kitambaa kuna utaratibu wake:

Toka nje ya duka, ukae kwenye kivuli penye anga wazi juu, si juani. Jua kali linaunguza tofauti ndogo. Fungua uzi, vuta nyuzi moja ya sentimita 20 na uilaze juu ya kitambaa. Usilinganishe bobini nzima, kwa kuwa uzi ukirundikana unaonekana mzito zaidi kuliko utakavyokaa kwenye mshono. Tazama sekunde 5 tu, geuza macho kwenye kijivu, rudia. Ukikazia kwa muda mrefu ukitafuta tofauti, unazidi kuipoteza, macho yanazoea rangi zote mbili pamoja.

Liputa lenye maua linadanganya kwa njia nyingine. Uzi wa kijivu juu ya nyekundu unaonekana wa kijani-bluu, juu ya bluu unaonekana wa manjano, kwa sababu jirani anasukuma rangi kwenda kinyume chake. Kata kadi ya kijivu ya sentimita 10 kwa 10, toboa matundu mawili ya sentimita 1 yaliyokaribiana, uone ua peke yake kwenye tundu moja na uzi kwenye jingine. Kadi hiyo inafaa kukaa ndani ya sanduku la cherehani daima.

Na taa. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka na kuachana nje, kwa kuwa rangi iliyotiwa kwenye pamba na ile ya polista zinarudisha mwanga kwa namna tofauti, ila chini ya taa ile hesabu za koni tatu zimetokea kuwa sawa. Fundi akisema "papa, jana zilifanana", hasemi uongo. Kama lazima ufanye kazi usiku, soma boksi la ampuli (balbu): 2700 K ni ya njano, 6500 K inakaribia mwanga wa mchana wenye mawingu. Tafuta pia Ra au CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi sawasawa, ya 90 kwenda juu. Ya 80 ni ya kuonea njia, si ya kuchagulia uzi wa nguo ya harusi.

Mpaka rangi wa nyumba asichague kwa kadi ndogo ya dukani. Rangi ikienea ukutani huonekana imekolea zaidi. Apake kipande cha angalau sentimita 50 kwa 50 kwenye kuta mbili zinazotazamana, iache ikauke, aangalie asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Na akitoka kupaka chumba cha samawati saa nne mfululizo, asitoe hukumu ya nyeupe ya chumba cha pili mpaka awe amekaa nje kidogo, la sivyo ataiona ya njano na kumlaumu aliyeuza ndoo.

Wapasuaji huvaa kijani au bluu kwa hesabu hiyo hiyo: baada ya kutazama damu kwa muda, nguo nyeupe ingejaa madoa ya kijani-bluu yanayoelea, na juu ya kitambaa cha kijani madoa hayo yanapotea.

Taswira isiyogeuka

Kaa kwenye chumba chenye giza kabisa dakika 10. Nyoosha mkono, elekeza flashi ya simu kwenye kiganja, si usoni, piga picha moja. Giza likirudi utaendelea kuuona mkono kwa sekunde chache katika sura yake ya kawaida, penye mwanga pana mwanga. Shusha mkono: taswira inabaki juu, na kichwa kinakataa kuamini. Hii ni taswira chanya; seli zimepigwa ghafla na bado zinatuma ujumbe. Baadaye kidogo inageuka kinyume kama nyingine.

Yasiyoguswa

Jua halitazamwi kwa jaribio lolote, hata sekunde moja, hata wakati wa kupatwa. Lenzi ya jicho inakusanya miale kwenye kile kishimo cha katikati na kukiunguza, na hutasikia maumivu, retina haina mishipa ya maumivu. Vivyo hivyo leza za mkononi. Moto wa soudure (kuchomelea vyuma) kando ya barabara, ambao watoto hupenda kuutazama ili waone doa la rangi, ni hatari nyingine: miale yake isiyoonekana inaunguza ngozi ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga chini ya kope.

Kuna jaribio lililogunduliwa na Mmarekani Celeste McCollough mwaka 1965, la mistari myeusi ya wima juu ya rangi moja na ya mlalo juu ya rangi nyingine, zikitazamwa kwa zamu dakika kadhaa. Baada yake mistari myeusi juu ya nyeupe inaonekana na rangi kwa saa nyingi, pengine siku nyingi. Haliumizi, lakini usilifanye na darasa bila kuwaambia wazazi, na usilifanye kabla ya kazi inayohitaji kuchagua rangi.

Katika darasa huenda ukakuta mtoto, mara nyingi mvulana, anayesema taswira yake haina nyekundu. Usimcheke wala usimsahihishe. Urithi wa koni ndefu na za kati uko kwenye kromosomu ya X, na mvulana ana moja tu, basi kasoro haina wa kuifidia. Miongoni mwa wanaume wa Ulaya ni karibu mmoja kati ya 12. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Akiambiwa mapema, hatapoteza miaka akijifunza kazi ya kuchagua nyaya za umeme kwa rangi.

Taswira baki ya kawaida hufuata jicho popote linapokwenda na hufifia ndani ya dakika moja au chache. Doa lisiloondoka hadi kesho yake, au miali ya ghafla ikiambatana na vitone vingi vyeusi na pazia la giza pembeni, hilo si la mwongozo huu. Ni la daktari wa macho, siku hiyo hiyo.

Kadi ya bendera itunze katikati ya kaye iliyofungwa. Markeri hupauka juani, na kadi iliyopauka haiwezi kuacha taswira yenye nguvu. Ukiona nyota yako inatoka manjano ya maji ya limau, chora nyingine.